Labeka

Kinu kilididimia ghafla na kumponyoka Mejumaa, akabaki uani na mchi mkononi. Shimo la choo cha zamani, ambalo marehemu mumewe alilifunika kwa boriti na saruji, lilikuwa limefunguka. Sakafu ikameguka mpaka kizingiti cha jikoni, chini ya pazia.

Chembe za bizari zilidondoka kutoka kwenye mchi, zikapotelea gizani.

Kwa kiwewe akamwita bintiye aliyekuwa jikoni, na papo hapo akajuta. Tangu utotoni amemfunza kwamba ukiitwa na mkubwa huulizi kuna nini. Waitika huku waja.

“Labeka, mama!”

Mejumaa akafungua kinywa amwambie asitoke. Kandambili zilikuwa zishafika penye pazia.