Chiriku na Majibu Mia Moja

Nyuki walipochoka kuibiwa asali, walitafuta fundi wa kubuni mlango wa mzinga. Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikariri majibu mia moja ya usaili, akayaimba hata akioga.

"Ungetutengenezea mlango gani?" Malkia akamuuliza.

"Mpana, wa mninga, wenye komeo!" Chiriku akajibu, swali halijatua.

Fuko, aliyemfuatia, alikuna kichwa kwanza. "Samahani, Malkia. Kwani nani anawasumbua?"

"Nyegere!" Malkia akachangamka, akampa kazi palepale.

Chiriku akaenda zake akikariri swali la Fuko. Juma lililofuata akaomba kazi kwa Kiboko.

"Karibu. Jina lako nani?"

Chiriku akatunisha kifua. "Samahani, Mzee. Kwani nani anawasumbua?"

"Kwa leo," Kiboko akasema, akirudi majini, "ni wewe."