Ganda la Kahawa

Klaudia, mwalimu wa kemia, alitia nusu gramu ya unga kwenye maji, akakoroga hadi mkono ukachoka. Unga ukatuama chini vilevile. Alikuwa ameukung'uta kutoka kwenye kahawa ya kutafuna, buni zilizokaushwa na maganda yake, iliyokutwa mfukoni mwa marehemu baba yake.

Nusu nyingine akaitia kwenye konyagi ya kienyeji. Ikayeyuka kabla hajashika kijiko, glasi ikabaki safi kama haijaingia kitu.

Siku baba aliyofariki, nyumba nzima ilitafuna kahawa hiyo. Yeye peke yake ndiye aliyeshushia konyagi.

"Umechoka, mwanangu," shangazi alisema mlangoni, akimnyooshea glasi iliyojaa konyagi. "Shushia kidogo."

Ulimi wa Klaudia ukaligusa ganda la kahawa, lililonasa kwenye jino tangu shangazi alipomkaribisha kahawa ya kutafuna asubuhi.