Nahodha wa Bupe

Siku hizo watu hawakuunda tena vikosi vya ligi ya mtandaoni kwa wachezaji wa mpira, bali kwa majirani. Hatua, kazi na vicheko vya kila mtu vilileta pointi. Na msimu ulipofungwa, ambaye hakuwemo katika kikosi cha mtu yeyote alifutwa kwenye orodha ya mtaa, asipate tena dawa wala muuguzi.

Bupe alimpa baba yake unahodha kila wiki, ingawa mzee alikuwa amepooza upande mmoja. Sasa ilikuwa wiki ya mwisho.

"Shoga, nahodha wako kaleta pointi mbili," mpinzani wake, Tusa, alimtania simuni. "Hata kuku wangu angekufunga."

"Mbili hizo ni kicheko. Jana alicheka," Bupe alijibu, akakata simu akitabasamu.

Alimlisha baba uji, akamfuta kidevu. Mzee alimeza taratibu, kisha akauliza kwa ulimi mzito, "Mimi umenichagua wewe. Wewe je, nani kakuchagua?"

Kijiko kikasimama hewani. Bupe hakuwahi kutazama kama naye yumo katika kikosi cha mtu.

"Nipe simu yangu, mama. Kikosi changu hakina nahodha," baba alisema, akinyoosha ule mkono mzima.