Inatisha

Siku hizi runinga haizimiki mpaka mtazamaji atoe maoni ya kueleweka, na tamthilia hujipanga upya kwa kufuata neno lake. Msimu wa kwanza wa tamthilia yake, zimwi la chuma lilikula watu wasiomhusu Bi Sikudhani, akavumilia. Msimu huu wa pili lilikuwa likimbishia hodi kwa sauti ya marehemu mumewe.

“Inatisha,” akasema, hoi.

“Asante! Tutaongeza,” runinga ikajibu.

Mjukuu wake Zulfa akaangua kicheko. “Bibi, umeisifu! Sisi vijana tukisema kitu kinatisha, basi kimetukosha. Mtaani wengine wanasema inatisha, wengine eti imepooza.”

“Basi haitishi.”

“Pole. Tutaongeza. Ila maoni yako yanagongana, tafadhali rudia.”

Bi Sikudhani akafunga mdomo, kama alivyozoea kumfanyia marehemu wakigombana. Zulfa akaenda kuepua chai. Runinga ikangoja, ikangoja, kisha ikauliza kwa sauti ileile ya mumewe:

“Siku, umeninunia?”

“Sijanuna, mume wangu,” akajibu kabla hajajizuia. “Nimechoka tu.”

Runinga ikajizima. Ilikuwa imeshapata maoni yake.