Bahari ya Sebuleni

Dady alikuwa ameuzamisha mkono hadi kwapani ndani ya tangi, anasugua mawe kwa mswaki wa meno. Mwani ulikuwa umerudi tena. Wa kijani, mrefu, wenye utelezi kama nywele zilizoloa, na kila alipoung'oa ulimponyoka ukaelea. Mkewe Lydie alisimama pembeni na beseni, akipokea mafungu hayo. Wiki iliyopita walifanya kazi hiyo hiyo, na wiki ya kabla yake pia.

Tangi lenyewe lilikuwa kichekesho cha mtaa. Samaki wa maji ya chumvi, hapa Kisangani! Mji wenye mto kama huu, samaki wamejaa sokoni, halafu mtu mzima anaagiza chumvi na matumbawe kwa ndege kutoka Kinshasa. Dady, muuza vipuri vya pikipiki, mtu mwenye akili zake timamu, alipoulizwa kwa nini hakufuga samaki wa mtoni, alijibu kwamba mto haukai na kitu, kila ulichochukua unakipeleka baharini.  Waliouliza walijua mto ulimchukulia nini. Boti la mbao alilopanda na binti yake kutoka Barumbu lilipinduka. Yeye akaokolewa. Nyota, mtoto wao wa pekee, hakuonekana tena, hata mwili wa kuzika haukupatikana.

Basi mwacheni na bahari yake, Lydie aliwaambia majirani, kama ndiyo inayompa faraja.

Ila bahari yenyewe ilikuwa inakufa, na Dady alikuwa anakwisha pamoja nayo. Matumbawe yalianza kuwa meupe, moja baada ya jingine, chini ya ule mwani. Alipunguza saa za taa. Akaacha maji ya bomba, akatumia ya mvua aliyoyachuja mwenyewe. Akaleta konokono wa kula mwani. Wakala, wakashiba, mwani ukabaki. Usingizi ulimpaa, na mezani hakukaa tena na watu. Sahani yake aliichukua akaenda kuketi nayo mbele ya kioo, peke yake.

Muuza samaki wa Kinshasa alicheka Lydie alipompigia simu. Mwani haujilishi wenyewe, alimwambia. Kuna mtu anamwaga chakula kupita kiasi, na kinachobaki kinaoza na kuunenepesha. Lydie akashangaa. Dady ndiye aliyewalisha samaki, chembe za kushika kwa vidole viwili, asubuhi tu, na kopo alilifungia kabatini.

Jumamosi hiyo, akivuta uchafu kwa mpira wa maji, Lydie aliona punje za wali zimenasa kati ya mawe. Na kipande cha lituma, ile ndizi ya kupondwa waliyoila jana yake. Akamwita mumewe, akamwonyesha kiganjani.

Dady alizitazama zile punje. Kisha akageuza uso kuelekea uani, ambako mama yake, Mama Clémence, alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo.

Hapo hata Lydie hakuwa na shaka. Mama Clémence alikuwa mtu wa mtoni, wa Yanonge. Kwao, mtu aliyechukuliwa na maji na asizikwe huwekewa tonge lake majini, kabla walio hai hawajala. Nyota alikuwa akiwekewa hivyo pale ukingoni, hadi Dady, mtu wa sala, alipompiga marufuku mama yake. Mambo ya giza hayo, alisema, asiyaone tena. Bibi hakubishana, na mtoni hakwenda tena.

"Mama," Dady akauliza, "ni wewe unawekaka chakula mu maji?"

Mama Clémence aliweka pondu chini, akamwangalia mwanawe. Lydie alingoja akane, au alie.

"Bon," bibi akasema. "Museme ni miye."

Dady akamjia juu. Alimwambia anaua kitu pekee kilichobaki katika nyumba hii, na kwamba arudi kwao Yanonge leo leo. Lydie alimpigia mumewe magoti. Nyumba ya Yanonge ilikuwa imeanguka upande mmoja, na huko hapakuwa na wa kumtekea bibi maji, wala wa kumkimbiza kwa daktari presha ikipanda. Mwaka jana ilimwangusha chini, na ni Lydie aliyemwokoa. Kumrudisha kule ni kumzika mzima. Dady hakuambilika. Yeye atabaki kusafisha tangi, alisema. Lydie ndiye ampeleke mama libongo, kule bandarini, apande boti. Hata mlangoni hakutoka kumuaga.

Pale libongo, katikati ya mafurushi na mbuzi waliofungwa, Lydie alijilaani. Kiherehere chake ndicho kilichomponza bibi. Angezitupa zile punje za wali akanyamaza, nani angejua? Akamshika mkono, akamsihi warudi. Amwombe Dady msamaha, aape kuwa hatarudia tena. Dady si mtu mbaya, hasira zitamshuka.

"Nisirudie nini?" bibi akasema. "Miye sikuwekaka hata tonge moja mu ile maji."

Lydie alimkodolea macho. Kumbe bibi anafukuzwa bure! Akageuka, akaanza kuita pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Mama Clémence akamdaka kitenge.

"Usiende sasa, Mama Nyota. Muachie nafasi. Papa Nyota akijua tunamuonaka, ataacha kumulisha, na mutoto atabakia na njaa."