Maprune ya Mama Kaswera

Mwanajeshi wa barrière iliyofunga barabara alitia mkono kikapuni bila hata salamu. Alichukua matunda matatu ya maprune, akalipasua moja kwa meno, maji yake mekundu yakamchuruzika kidevuni.

"Hii ni ya barrière, mama. Kila siku unayapeleka wapi?"

Mama Kaswera, mkimbizi wa kambi ya Mugunga, alimeza hasira. Kwa mwenye bunduki utasema nini?

"Ku hôpital, chef. Bombe ilimuumiza mutoto wangu Sylvie muguu. Hawawezi kumupasua, damu yake ni kidogo."

"Na hii inaleta damu?"

"Infirmière mwenye anamutunza anasema peke yake hapana. Lakini ukiikula na maharagi na majani ya lengalenga, mwili unakamata vizuri fer ya kutengeneza damu. Tena wanatafuta mutu wa kumutolea sachet moja ya damu. O négatif. Ndugu wote tulipimwa, hakuna."

Mwanajeshi akaacha kutafuna kidogo, akatema ganda.

"Pita."

Siku mbili baadaye matatu hayakumtosha tena. Alichukua kumi, na fungu la lengalenga juu yake. Kesho yake vilevile.

"Chef, uhurumie mutoto!"

"Kesho ulete mengi," alijibu bila kumtazama.

Loo, jambazi we! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mama Kaswera alimlaani njia nzima mpaka hospitali ya Ndosho. Lakini barabara ya kutoka soko la Sake ni ile ile moja, afanyeje? Akajinyima chakula, akatafuta kikapu kikubwa zaidi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Damu ya Sylvie ilipanda polepole, ila sachet haikupatikana, na mguu ukaanza kunuka. Docteur akasema wazi: mtoto asipopasuliwa kufikia Ijumaa, watampoteza.

Ijumaa asubuhi yule mwanajeshi hakuwepo kwenye barrière. Kwa mara ya kwanza kikapu kilipita kimejaa. Heri wamempeleka vitani, Mama Kaswera alijisemea, na asirudi.

Hospitalini alikuta kitanda cha Sylvie kitupu. Kikapu kikamponyoka, maprune yakatawanyika sakafuni.

"Tulia, mama!" Infirmière Léonie alimshika bega. "Wako wanamupasua sasa hivi. Sachet imepatikana."

"Asante Mungu! Nani ametoa?"

"Mutu moja, Zéphirin. Alikuja wiki tatu zilizopita, tukamurudisha, damu yake haikufika kipimo. Nikamuambia akule maprune na lengalenga kila siku. Leo asubuhi tumemupima, imefika." Léonie aliinama, akaokota prune moja, akampa. "Yuko pale kwenye korido, kizunguzungu kimemukamata. Umupelekee hii."

Mama Kaswera alitoka, prune mkononi. Kwenye benchi, akibana pamba kwenye mkono wake, mwanajeshi wa barrière aliinua macho. Safari hii alingoja apewe.