Nungunungu na Mabawa ya Turubai

Nungunungu aliunda ndege ya mianzi, akaifunga injini ya pampu ya maji, akawa anaijaribu kila jioni, lakini kila asubuhi alikuta mabawa ya turubai yametobolewa. Akamkaba Panya, fundi wake.

"Mtafunaji ni wewe! Leo unahama kijiji hiki, wallahi!"

"Mzee wangu, mimi nakula mahindi, turubai la nini?" Panya akalia. "Basi niache niiwashe kwanza, ndipo nihame."

Akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikanguruma. Nungunungu akarukaruka kwa furaha, miiba ikamsimama mwili mzima, akalikumbatia bawa. Bawa likawa chujio.

Panya akazima injini, akamwonyesha matundu.

"Astaghafirullah!" Nungunungu akasema. "Ndugu yangu, nimekusingizia. Mtoboaji nimembeba mgongoni mwenyewe. Usihame, nishonee."

"Nitashona," akajibu Panya, "ila furaha yako ukaifanyie ng'ambo ya mto."